Jivu la Dani

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kwenda nyumbani ovyo. Kutoka Homa Bay hadi kwetu Karungu si mbali, lakini kwa miaka mingi nimeifanya safari hiyo iwe mbali. Sikosi sababu: nguo za harusi hazijaisha, mashine imekatika mkanda, kwaya ya kanisa inataka sare zake Jumamosi. Basi siku ile baba mdogo aliponipigia simu akasema, "Njoo, ziwa limeingia bomani," nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze habari za mashine. Akanikatiza. "Limefika kwa mdogo wako," akasema. Nikafunga duka.

Unajua jinsi maji yalivyopanda pande zetu miaka hii. Nilimwambia mtu wa boda boda anishushe mapema, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa imegeuka matope, nikavua viatu nikatembea. Ua wa minyaa wa dani, nyanya yetu, ulikuwa umesimama ndani ya maji, na bata wa jirani walikuwa wakiogelea mahali tulipokuwa tukipepeta mtama. Baba mdogo alikuwa pale na wanaume wawili wenye majembe, na mchungaji aliyeifunga Biblia yake kwa karatasi ya nailoni isilowe. Makaburi mawili yalitakiwa kuhamishwa kwenda juu karibu na barabara, la dani na la mdogo wangu. La mdogo wangu ndilo lililokuwa karibu zaidi na maji, kwa hiyo wangeanza nalo.

Lakini kabla sijakuambia tulichokikuta mle shimoni, ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hayo ya nyuma hutaona ajabu yoyote.

Tulilelewa na dani. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Mama alikuwa Remba, kisiwani, akinunua omena kwa wavuvi, akizianika na kuzipeleka sokoni. Alikuja mara moja kwa mwezi akinuka samaki na sabuni ya mche, akalala siku mbili, akaenda zake. Baba alikuwa Masara kwenye mashimo ya dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa midomo ya watu. Kwa hiyo bomani tulikuwa watatu: dani, mimi, na mdogo wangu ambaye nilimzidi miaka mitatu.

Nikifumba macho sasa hivi ninasikia ufagio. Dani alifagia ua kabla ya jua kutoka, akianzia mlangoni na kurudi kinyumenyume hadi penye minyaa, ili nyayo zake mwenyewe zisiharibu kazi. Baada ya ufagio kilikuja kikohozi chake akipuliza moto, halafu harufu ya moshi, halafu uji wa mtama uliochacha vizuri hata ukakaza taya. Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, na omena zilizokaangwa na kitunguu na nyanya nyingi. Nimekula katika hoteli hapa Homa Bay wakaniletea omena za namna hiyo, mezani pana kitambaa na kila kitu. Sikumaliza.

Kazi yangu mimi ilikuwa jivu. Kila asubuhi nilizoa jivu la jana kutoka kati ya mafiga, nikaliacha lipoe, nikalichunga kwenye beseni kuukuu ambalo dani alilitoboa kwa msumari, nikalitia ndani ya chungu kilichokaa nyuma ya ghala. Jivu lilikuwa na kazi zaidi ya mtu. Lilisugua sufuria, lilizuia siafu wasiingie kwa vifaranga, lilimwagwa chooni. Zaidi ya yote lilitunza mbegu. Maharagwe ya kupanda yakishakauka, dani aliyachanganya na jivu laini ndani ya chungu kingine, akaziba mdomo kwa jani la mgomba na udongo wa kichuguu, na fukusi hawakuthubutu. Watu wana methali yao kwamba moto huzaa jivu, wanamsema mtoto goigoi wa mzazi hodari. Dani hakuipenda kabisa. Mtu akiitamka mbele yake alimwuliza, "Na mbegu zako unatunza na nini, na huo moto?"

Mbegu yenyewe ilikuwa ya maharagwe madogo mekundu yenye doa jeupe ubavuni. Alipewa na mama mkwe wake siku alipoletwa pale kama bibi harusi, kibuyu kimoja, na huyo naye alipewa na mama mkwe wake. Hukuyaona maharagwe hayo boma lingine lolote. Yaliiva upesi, mchuzi wake ulikuwa mzito wenyewe bila kuongeza kitu, na mdogo wangu alikuwa akichagua yale yenye doa kubwa anaweka pembeni mwa sahani, ati hao ni wake zake baba mdogo. Baba mdogo wakati huo alikuwa hata hajaoa.

Nyuma ya boma palikuwa na korongo. Mvua ilipopiga, kuta zake zilimeguka, na ndani yake ungeona matabaka, moja jeupe, moja la kahawia, moja la kijivu, hivyo hivyo hadi chini. Na vitu vilitoka humo. Konokono wa mawe, wazima na mizunguko yao yote. Kokwa za matunda ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyala. Vipande vya mifupa vizito, ukigonga kimoja kwa kingine vinalia kama vigae. Dani alisema ni ng'ombe wa watu wa zamani, na akatukataza kuleta chochote nyumbani. Sisi tulivipika hukohuko korongoni kwenye makopo. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mpishi, na mpishi mkali kweli. Ukisema konokono hajaiva anakuambia nenda kale kwenu.

Mwaka alipotimiza miaka sita jino lake la mbele lilianza kulegea. Alilisukuma kwa ulimi siku nzima. Dani alitaka kulifunga uzi alivute, naye alikimbia akajificha nyuma ya ghala akasema litatoka lenyewe likitaka. Alikuwa ameshachagua upande wa paa atakaolirushia, kama watoto wote wafanyavyo ili waote jino jipya, na kila jioni alinionyesha mahali pale kwa kidole.

Halikutoka. Alishikwa na homa siku ya kanisa, na siku ya tatu dani alimfunga mgongoni akaanza kutembea naye kwenda zahanati. Mimi niliachwa nichunge kuku. Niliwaona wakirudi mapema mno, dani akitembea polepole, na yeye bado yuko mgongoni, na jirani anatembea nyuma yao ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua.

Alizikwa karibu na ua wa minyaa, upande wa ziwa. Mama alitoka Remba akalia mpaka sauti ikaisha. Dani hakulia mbele yangu hata mara moja. Wiki ileile ya mazishi alichukua kikombe cha mdogo wangu, cha bati, cha kijani, akampa mtoto wa jirani. Nilimwona mtoto huyo akinywea maji, nikaenda nyuma ya ghala nikakaa huko mpaka alipoondoka. Na jina la mdogo wangu halikutajwa tena katika boma lile. Nilipolitaja mimi, dani alikuwa na jibu moja tu, "Nenda kachote maji." Hata mtungi ukiwa umejaa.

Sasa sikiliza lililotokea. Haukupita mwezi, mwalimu wetu wa darasa la tatu akatupeleka korongoni. Alikuwa mgeni, si wa pande zetu, na hakujua nani amefiwa na nani. Alituketisha kivulini mwa ukuta akaokota konokono wa jiwe akauliza nani aliyemchonga. Tulicheka. Akasema hakuna aliyemchonga. Akatuonyesha vilima vya Gwasi kule mbali, akasema zamani sana vilikuwa mlima wa moto, na ule mlima ulikuwa ukitapika jivu, likaanguka juu ya majani, juu ya matunda, juu ya konokono na wanyama waliokuja kunywa maji. Kilichoachwa juani kilioza kikaisha. Kilichofunikwa upesi kilikaa. Kisha maji ya mvua yakapita katika lile jivu, yakachukua chumvichumvi za mawe, yakaingia nazo ndani ya mfupa, kwenye vile vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Maji yanakuja, yanaacha kidogo, yanakwenda. Yanakuja tena. Mwisho mahali pa mfupa pamejaa jiwe, na umbo ni lilelile, hata ule mkwaruzo aliokuwa nao mnyama akiwa hai bado upo. Alisema vitu laini huondoka kwanza, nyama, ngozi, ulimi. Kigumu ndicho kinachongoja.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Mwalimu, na mtu je?"

"Hata mtu," akasema. "Mfupa ni mfupa."

Alitaja pia muda, siwezi kumsingizia. Alisema miaka mamilioni. Lakini mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na milioni kwangu lilikuwa neno tu la kusema kitu ni kingi, kama omena kwenye wavu. Nilichokisikia mimi ni kwamba kuna namna ya kumfanya mtu asiishe. Jivu na maji. Na kazi yangu mimi ilikuwa jivu.

Kuanzia kesho yake sikulipeleka jivu chunguni. Nililibeba kwenye beseni jingine lisilo na matundu hadi kaburini, nikachimba kidogo upande wa kichwa kwa kijiti, nikamwaga, nikatia maji kikombe kimoja, nikafukia ili kuku wasitawanye. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shule wakati dani yuko ng'ombeni. Lile lililokuwa chunguni nalo nililimaliza, maana nilitaka afunikwe upesi. Nilikuwa ninazungumza naye. Nilimwambia asiogope akisikia uzito, ndiyo dawa yenyewe. Nakuambia ukweli, sijawahi kufanya kazi nyingine yoyote maishani kwa moyo kama ule. Hata nguo ya harusi yangu mwenyewe sikuishona hivyo.

Mavuno yakaisha, maharagwe yakakauka, dani akaniita. Mikono yake ilikuwa inamuuma tangu mazishi, vidole vimevimba, na alikuwa akikaa sana mlangoni ameligeuzia ziwa mgongo. Akaniambia, "Mwaka huu mbegu utatia jivu wewe. Sasa ni mkubwa." Kwa mtoto wa kike kuaminiwa mbegu lilikuwa jambo kubwa kweli. Nikaenda nyuma ya ghala na chungu kilikuwa kitupu kabisa.

Hapo ndipo nilipofanya lile kosa. Nilimkumbuka mwalimu. Si alisema tabaka lile la kijivu korongoni ni jivu? Jivu la mlima, jivu la siku za zamani, na kama liliweza kutunza konokono hadi leo, lingeshindwa na maharagwe? Nilikimbia na beseni, nikakwangua ukuta wa korongo, nikaponda, nikachunga. Lilikuwa laini hata kuliko letu. Nikachanganya na mbegu kama nilivyomwona dani akifanya, nikaziba chungu kwa jani la mgomba na udongo wa kichuguu. Dani akapita akatazama kazi ya nje akasema, "Vizuri." Nilikuwa nimeshika beseni kwa nyuma.

Mvua za kupanda zilipokaribia alikibandua kile chungu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Alitia mkono akautoa, na kiganjani palikuwa na unga mweupe, maganda matupu, na fukusi wakitembea. Alitia tena hadi chini. Hapakuwa na punje moja nzima. Akachukua lile vumbi kwa vidole viwili akalionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hili si jivu la jikoni kwangu," akasema. "Langu liko wapi?"

Nilimshika mkono, nikampeleka hadi penye minyaa, nikafukua kwa kijiti nikamwonyesha. Nikamweleza yote, mlima wa Gwasi, maji, vile vitundu, kwamba mfupa ni mfupa. Nilikuwa ninaeleza haraka haraka kwa sababu niliona nikimaliza kueleza vizuri atafurahi.

Dani akachukua kile kijiti mkononi mwangu akakivunja vipande viwili. "Mtu si ng'ombe wa korongoni," akasema. "Mtu akizikwa anaachwa apumzike. Nisikuone hapa tena." Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alirudi jikoni akakaa na kile chungu miguuni, na nilimsikia akiwaambia wenyewe, yule mama mkwe wake na mama mkwe wa mama mkwe wake, kwamba mbegu yao imekwisha mkononi mwake. Hakusema mkononi mwangu.

Mwaka ule tulipanda maharagwe ya kupewa na jirani, ya manjano, makubwa, ya kila mtu. Ni mazuri tu. Yale mekundu yenye doa sijayaona tena, na nimeuliza sana, hapa Homa Bay, Migori mjini, Rongo, kwa akina mama wanaouza mbegu kwa vikopo. Wananionyesha mengine. Ninasema si hayo.

Tangu siku hiyo jivu la kuwekea mbegu nilitumwa kuliomba kwa jirani. Bado nilizoa jikoni kwetu kila asubuhi, nikaliacha kwenye beseni kando ya mlango kama nilivyoagizwa, lakini la mbegu lilitoka kwa jirani. Niliona dani amelikataa jivu lililopita mikononi mwangu. Nilikwenda na kibakuli, uso chini, nikarudi uso chini, na sikuuliza. Kaburini nilikatazwa. Jina nilikatazwa. Nikaona basi, mtu huyu amesahau. Amempa mtoto wa watu kikombe, amevunja kijiti, amesahau. Nilimwekea dani jambo hilo moyoni nikaondoka nalo nilipopata nafasi ya shule ya sekondari Homa Bay, na likizo nyingi nilikwenda kwa mama Remba badala ya kwenda kwake.

Aliposhikwa na macho hata asione vizuri, nilimtumia sukari na majani ya chai kwa watu. Alipofariki nilikwenda, ningekosaje. Nilimlilia kama mjukuu anavyotakiwa alie, na watu wakaridhika. Ninakumbuka siku ile nilitupa jicho upande wa minyaa nikaona kaburi la mdogo wangu limeinuka sana. Makaburi ya watoto kwa kawaida hudidimia yakapotea. Lile lilikuwa limefika kiunoni. Nikadhani ni mchwa.

Sasa turudi penye majembe. Mchungaji aliomba, mwanaume mmoja akapiga jembe la kwanza, udongo mwekundu. La pili, likalia. Akapiga tena likalia vilevile, na baba mdogo akasogea akasema, "Hii simiti nani alimwaga hapa?"

Haikuwa simiti. Walipochimba kidogo zaidi nilichutama nikapangusa kwa mkono. Ukuta wa lile shimo ulikuwa na matabaka. La kijivu unene wa kidole, la udongo mwekundu, la kijivu, la udongo, hivyo hivyo kwenda chini, yameshikana magumu kabisa, na katika yale ya kijivu kuna vijipande vya mkaa. Nilianza kuyahesabu kwa kidole. Nilipofika mahali fulani machozi yalinizuia nikaanza tena, nikashindwa tena. Mimi nilimwaga jivu pale kwa msimu mmoja tu, mtoto mwenye kikombe kimoja cha maji. Hii ilikuwa kazi ya miaka na miaka.

Jirani alikuwa amekuja, ni kikongwe sasa, ameletewa kiti. Alinitazama akashangaa ninashangaa.

"Hukujua? Ni dani wako huyo," akasema. "Ukishaenda shule tu, yuko hapa na beseni lake. Anafukua, anamwaga, anatia maji, anafunika. Nikamwambia, mwenzangu, watu watasema unaroga. Akaniambia mwalimu amewaambia watoto hivyo, na mwalimu ni mtu amesoma. Hata macho yalipoisha alikuja. Alikuwa anahesabu hatua kutoka mlangoni. Jivu lake lote liliishia hapa, ndiyo sababu la mbegu alikutuma uombe kwangu."

Nikamwuliza mbona basi alinikataza mimi. Nilimwuliza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyenikataza.

"Hata mimi nilimwuliza hivyo," akasema. "Akasema, mtoto akiifanya kazi hii atakaa hapa anangoja. Hataenda popote. Wacha nifanye mimi, mimi ni mzee, kungoja ni kazi yangu."

Baba mdogo alinishika bega. Miaka yote hiyo, sukari na majani ya chai, na yeye alikuwa akitembea gizani mwake mchana kweupe, anahesabu hatua.

Walichimba hadi chini. Kama unataka kujua, hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mifupa michache myepesi, mingine ikimeguka ilipoguswa, na meno. Meno ndiyo yaliyokuwa mazima, madogo, masafi, na moja la mbele lilikuwa limetoka kwenye nafasi yake. Nililijua. Niliomba nilishike kidogo, kisha nikalirudisha pamoja na mengine ndani ya sanduku, kwa sababu sikuona tena paa la kulirushia. Nyumba ya dani ilishaanguka. Halafu wakamfukua dani mwenyewe, na adhuhuri ikatukuta juu barabarani na vilima viwili vya udongo mbichi, kimoja kirefu, kimoja kifupi, vimekaa karibu karibu.

Watu walipoanza kwenda kula, nilimfuata mke wa binamu yangu jikoni nikamwomba jivu. Alifikiri ninatania. "Jivu gani, dada? Sisi tunapikia gesi." Akanionyesha mtungi. Nikaenda kwa jirani, na jirani naye mwanawe amemletea mtungi, mafiga yake yamegeuzwa kiti cha kuku. Nilizunguka maboma matatu na beseni mkononi. Hapakuwa na jivu. Nikarudi chini mbio kule shimoni, nikisema nitakwangua lile la dani kabla ziwa halijalichukua, na nikakuta limeshalichukua. Maji yalikuwa yameingia yakajaa, na zile kuta zilikuwa zinamomonyoka ndani yake. Maji yote yalikuwa ya kijivu kama ya kuoshea sufuria.

Ninajua sana siku hizi milioni ni nini. Ninajua udongo ule hauwezi, muda ule hautoshi, na jivu la jikoni si jivu la mlima. Nitakuambia na jambo jingine, baya zaidi, ambalo sijamwambia mtu. Sauti ya mdogo wangu siikumbuki. Ninakumbuka maneno yake, nenda kale kwenu, ninakumbuka kidole chake kikionyesha paa, lakini sauti yenyewe imetoka na sijui ilitoka mwaka gani. Mwalimu alisema kweli, vitu laini huondoka kwanza. Na kuhusu dani alisema kweli pia bila kumjua. Nilimwona mgumu, na kumbe kigumu ndicho kilichokuwa kikingoja.

Nilichota yale maji ya kijivu, nikajaza beseni, nikapanda nayo taratibu nisiyamwage. Nilifukua kidogo kwa kijiti katikati ya vile vilima viwili, nikamimina, nikafunika. Baba mdogo alikuja akaniambia yule wa boda boda amefika, kama ninataka kuwahi Homa Bay. Nikamwambia amwache aende. Akaniuliza kuna nini tena kilichobaki.

Nilikunja leso yangu nikaitandika chini, nikakaa.